Nikikimbia akilini, kiunzi cha nane kinaniangusha. Nisaidieni

Viunzi_Nax: Wadau, nakimbia mita 400 kuruka viunzi na mchujo umekaribia. Kocha anataka kila usiku tuzikimbie mbio akilini. Mimi nikifika kiunzi cha nane nagonga, naanguka. Nifanyeje?

Mwalimu_Mbio: Usifanyie kitandani. Vaa spaiki, vile viatu vya mbio vyenye misumari, simama uwanjani, uwe ndani ya mwili wako, usijitazame kama uko kwenye televisheni. Shika saa: mbio za akilini zichukue muda uleule wa mbio zenyewe. Ukianguka, rudi cha saba, endelea. Michael Phelps, yule mwogeleaji wa Marekani, alizoea kuwaza hata mambo yakiharibika. Olimpiki ya Beijing 2008 miwani yake ya kuogelea ilijaa maji, akahesabu mapigo ya mikono mpaka ukutani, akachukua dhahabu.

MamaKondele: Mwanangu, usiku ni wa sala. Umeomba?

Kipa_Mstaafu: Mimi nilidaka hapa Kisumu. Kila penalti niliiona ikiingia kabla haijapigwa. Siku hizi nauza spea, na usingizi ninao.

Mwalimu_Mbio: Kwa nini cha nane? Kuna mahali panauma?

Viunzi_Nax: Muundi wa kushoto, kidogo tu.

Mwalimu_Mbio: Kidogo vipi? Daktari amesemaje?

Viunzi_Nax: Ameshuku ufa kwenye mfupa. Akasema nipumzike. Kocha hajui. Lakini nauli nimeshalipa, na nyumbani wanajua naenda. Nikizoea kuiona mbio bila maumivu, mwili utafuata.

Mulembe_Boy: Hekaya hii. Mwenye ufa wa mfupa hata ngazi hapandi, sembuse viunzi kumi!

Kipa_Mstaafu: Nami nilishangaa. Weka picha ya eksirei.

Mwalimu_Mbio: Mulembe, si hekaya. Wengi huendelea kukimbia na ufa mdogo mpaka mfupa uvunjike kabisa. Kijana, bonyeza muundi kwa kidole. Maumivu yameenea, au ni nukta moja?

Viunzi_Nax: Nukta moja. Nikiruka kwa mguu huo mmoja nasikia kama msumari.

Mwalimu_Mbio: Basi hiyo picha ya usiku usiifute, mguu wako unakuambia kitu. Mazoezi ya akilini yatakutunzia mdundo wa hatua ukiwa umepumzika. Mfupa hayaungi. Mwambie kocha leo.

Viunzi_Nax: Nitamwambia baada ya mchujo.

MamaKondele: Leo, mwanangu. Kama unaogopa, nipe namba yake faraghani, nimpigie mimi.