Tupeane uzoefu: somo lililokutesa ulipokuwa shule Tanga

Mwenyeji wa Ngamiani: Jana mwanangu alikuwa akijisomea kwa sauti habari za vita ya hapa Tanga ya Novemba 1914, nikakumbuka jinsi Historia ilivyoninyima usingizi. Ukijibu kwamba Mwingereza aliitaka bandari na reli ya kwenda Moshi, mwalimu alikuuliza kwa nini basi askari wake wapatao 8,000 walishindwa na wapatao 1,000 wa Mjerumani. Nanyi ni somo gani lililowatesa?

Makorora: Walishindwa kwa sababu nyuki wa Mjerumani walikuwa wamefundishwa kazi.

Chumbageni: Ndugu yangu, usiwapotoshe watoto. Nyuki walichokozwa na risasi, wakauma pande zote mbili. Kilichomponza Mwingereza ni kuchelewa kushusha majeshi, hata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, akawahi kuleta askari kwa treni.

Makorora: Sawa, waliuma pande zote, lakini aliyerudi melini ni mmoja.

Binti wa Pangani: Historia ilikuwa na nafuu. Mimi niliteswa na ushairi, kwani mwalimu wetu alitaka kila mmoja atunge tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, na ulipokuwa ukiisoma mbele ya darasa aligonga meza kwa rula kila mizani, yaani silabi, ilipopita, nane kabla ya kituo cha katikati ya mshororo na nane baada yake. Mkuu wa shule alipopata uhamisho, niliamriwa kutunga shairi la kumuaga, na siku ya mazoezi nikaanza: «Mkuu wetu mpenzi, twakuaga huzuni.» Rula ikasimama kwenye saba. Nikarudia, ikasimama palepale, na darasa zima likaanza kunihesabia. Hapo shoga yangu aliyeketi mbele akaninong'oneza, nami kwa kiherehere nikatamka: «Mkuu wetu mpenzi, twafurahi mioyoni!» Mwalimu akasema mizani imetimia, na kina ni kilekile. Tulipogeuka, mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Raskazone: Dada, usituache njiani. Mkuu alifanya nini?

Muheza: Dawa ya mizani ni kuliimba shairi, sikio litakuonyesha palipopungua.

Chumbageni: Asiimbe kamwe, kwa kuwa mwimbaji huvuta irabu na kuziba pengo. Ahesabu kwa vidole.

Pongwe: Nilichukia Kemia mpaka tulipopelekwa mapango ya Amboni, tukaelezwa kwamba maji ya mvua hubeba kaboni dioksaidi, yakawa asidi hafifu inayomumunya mawe ya chokaa, kisha tone linapopoteza gesi hiyo darini huacha chokaa kidogo, ambayo hurefuka polepole mno. Somo lilikatizwa na popo.

Makorora: Popo nao walifundishwa na Mjerumani.

Raskazone: Tunamsubiri mkuu wa shule!

Binti wa Pangani: Hakukasirika, ingawa ingekuwa afadhali angekasirika. Aliketi, akasema mshororo wa kwanza umempendeza, na sasa nimtungie wa pili papo hapo, wenye kina cha «nzi» katikati na «ni» mwishoni. Kengele ya mapumziko ililia nikiwa bado nimesimama.