Manyuo na otomatiki, ipi inakula mafuta kidogo?

Usukani: Wakuu habari zenu, naombeni kueleweshwa. Nimepata gari mbili za aina moja, injini ile ile, moja manyuo (ya kubadili gia kwa mkono) nyingine oto. Kila ninayemuuliza ananambia oto inakunywa, chukua manyuo, ila hakuna anayesema kwa nini. Ni kweli au mazoea tu? Zote naendesha, ninachoangalia ni mafuta.

Spana: Zamani ilikuwa kweli kabisa. Oto zilikuwa na gia 3 au 4 wakati manyuo ina 5, kwa hiyo kwenye barabara ndefu injini ya oto inazunguka sana bila sababu. Halafu kati ya injini na giaboksi hakuna klachi, kuna tokokonveta, yaani chombo cha duara kina feni mbili zinazotazamana ndani ya oili, injini inazungusha moja, hiyo inasukuma oili, oili ndo inazungusha ya pili, sasa oili inateleza, ya pili haimfikii mwenzake na ile tofauti inaishia kuwa joto, mafuta yako yameungua ila tairi hazijayaona. Baadaye wakaweka loku inayozibana zote ziende pamoja ukishashika spidi, mtelezo unabaki zaidi kwenye kuondoka na foleni. Kwa hiyo uliza hiyo oto ni ya gia ngapi.

Bi Gia: Kweli. Oto nyingi za sasa zina gia 6 mpaka 10, na CVT, yaani oto isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda na puli zinazobadilika upana, injini inatulia chini muda mwingi. Hizo zinaweza kuipiga manyuo, hasa dereva akiwa wa kung'ang'ania gia ya 3 mpaka injini inalia 😂

Kibati: Ila manyuo raha yake mteremko, unatia frii (gia haijashika) linajiendea bure

Spana: Acha hiyo ndugu. Kwenye injini za EFI, zile ambazo kompyuta ndo inapima mafuta ya kupulizwa, ukiachia resi gari likiwa kwenye gia mafuta yanakatwa kabisa, tairi ndo zinazungusha injini. Ukitia frii lazima iendelee kuchoma ili isizime, na breki zinabeba mzigo wote peke yake. Kabureta, ule mfumo wa zamani usio na kompyuta, ni habari nyingine.

Usukani: Asanteni. Nimemuuliza muuzaji, oto ni ya gia 4.

Spana: Basi chukua manyuo. Ila kabla hujalipa panda nayo kilima kwa gia ya 4 ukanyage resi, ukiona mizunguko inapanda na mwendo hauongezeki klachi imeisha, na yenyewe itateleza ikule mafuta vile vile.