ORS ya mtoto wa miezi 9, naweza kuchanganya nusu pakiti?

mama_wawili:
Habarini wadau, naomba msaada. Mwanangu wa miezi 9 anaharisha tangu jana, choo ni maji matupu na akinyonya saa nyingine anatapika. ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, ninayo ila pakiti imeandikwa lita 1 ya maji na huyu hata robo lita sijui kama ataimaliza, sasa je naweza kumimina unga kidogo kwenye chupa yake nikajazia maji, unaobaki nikaufunga nikaweka? Halafu mama mkwe anasema nitie kwenye maziwa ya kopo ili asisikie ile chumvi, hapo ndo nimekwama kabisa.

nesi_wa_zamu:
Pole sana dada. Usigawe pakiti. Mle ndani kuna glukosi, chumvi, potasiamu na sitreti, na ni unga mkavu haukai sawasawa, ukimimina robo unaweza kuchota chumvi nyingi na glukosi kidogo na kwa macho hutajua. Changanya pakiti nzima na maji yote yaliyoandikwa, hata kama mengi utamwaga. Na soma pakiti yenyewe usiende kwa mazoea maana zipo za lita 1, za nusu lita na za mililita 200, watu wengi wanakosea hapo. Maji yachemke, yapoe, ndo umimine unga, na ukishachanganya usichemshe tena. Funika, ikifika saa 24 iliyobaki mwaga utengeneze mpya.

Maziwa hapana, juisi hapana, na sukari usiongeze. Glukosi na sodiamu huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo na maji yanafuata nyuma, ndo maana vipimo ni vile vile vilivyopangwa. Ikiwa nzito mno sodiamu inaweza kupanda kwenye damu mpaka mtoto akapata degedege, ikiwa nyepesi mno hairudishi chumvi anazopoteza. Ila kunyonya aendelee kama kawaida, tena mara nyingi zaidi, usimkatize titi kwa sababu ya kuhara.

babaK:
Mbona sisi wetu tulikuwa tunampa soda iliyotolewa gesi na akapona? Au zile za wanamichezo, nazo si zina chumvi ndani

nesi_wa_zamu:
Kaka wengi hupona hata bila kupewa chochote, haimaanishi soda ndo iliyomponya 😅 Soda ina sukari nyingi mno kwa utumbo unaohara, inavuta maji kuja tumboni na choo kinazidi kuwa maji. Za wanamichezo nazo sukari nyingi, sodiamu kidogo, zimetengenezwa kwa mtu mzima anayetoka jasho.

kijiko_kimoja:
Na kama ORS haipo kabisa usiku ule? Nilifundishwa ya sukari na chumvi nyumbani

nesi_wa_zamu:
Ipo, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu kwa kisu sio vya kurundika. Lakini hiyo ni ya kusogezea tu huku mnatafuta pakiti, haina potasiamu, na hatari kubwa ni mkono kuzidisha chumvi. Onja kwanza, ikizidi chumvi ya machozi mwaga uanze upya.

mama_wawili:
Asante jamani nimeelewa, nimechanganya pakiti nzima. Sasa nikimpa anakunywa kwa pupa halafu anarudisha yote.

kijiko_kimoja:
Weka chupa pembeni mama, ana kiu ndo maana anabugia. Mpe kwa kijiko cha chai au sirinji isiyo na sindano, ukielekeza pembeni ya shavu sio kooni. Akitapika pumzika dakika 10 kisha anza tena taratibu, kijiko kila baada ya dakika 2 au 3. Inachosha kweli, mkono unakufa ganzi, mkibadilishana na mtu ni nafuu.

nesi_wa_zamu:
Hapo umesema. Kila akiharisha lenga mililita 50 mpaka 100, hicho ni kiasi cha mtoto wa chini ya miaka 2. Nepi zake ziangalie, mkojo ukikauka masaa mengi, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, amelegea au analala haamki, hawezi kunywa, anatapika kila kitu au choo kina damu, mpeleke hospitali hapo hapo na njiani uendelee na kijiko kama anameza. Mtoto wa chini ya miezi 2 hata usisubiri dalili hizo. Dawa za kufunga choo za watu wazima usimpe kabisa. Na ukifika muulize dokta vidonge vya zinki, huwa ni siku 10 hadi 14, dozi inaenda na umri na unamaliza hata kama kuhara kumeshakata.

mama_wawili:
Kakojoa sasa hivi, nepi imejaa. Naendelea na kijiko, asubuhi tunaenda kwa dokta kuulizia hiyo zinki.