Taa ya kichwani kwa usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro

Swali: Ndugu zangu, natarajia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Je, kwa usiku ule wa kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni, nitafute taa ya kichwani yenye mwanga mkali kupita zote?

Jibu la kwanza: Hapana, ndugu. Kutoka Kibo, mita 4,720, safari huanza karibu na saa sita usiku na watu hutembea gizani hadi alfajiri, kwa hiyo la kuuliza dukani ni taa itadumu saa ngapi kwenye mwanga wa kati. Lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 200 hadi 300 zinatosha kabisa. Ile namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni ya dakika za mwanzo tu.

Jibu la pili: Naongezea suala la baridi. Betri za alkalini huishiwa nguvu haraka kwenye baridi kali, ilhali za lithiamu hustahimili zaidi. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Jaribu pia swichi ukiwa umevaa glavu nene, kwani vitufe vidogo ni adha tupu.

Muulizaji: Ahsanteni. Na mvua je?

Jibu la pili: Yenye alama ya IPX4 huhimili maji yanayorushwa kutoka pande zote.