Tupeane uzoefu: ulifundishwa kuendesha gari, au ulifundishwa kuliondoa tu?

Mama wa Kihonda
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Jana, kwenye makutano ya Msamvu hapa Morogoro, gari la mafunzo lenye alama nyekundu ya L lilizimika mara tatu mfululizo huku madereva wa nyuma wakilipigia honi bila huruma. Kijana aliyeshika usukani alikuwa rika la mwanangu, ambaye ametimiza miaka 18 na ameanza kuniomba ada ya shule ya udereva. Nilikumbuka nilivyofundishwa mimi: siku 10 kwenye uwanja wa mpira, gia ya kwanza na ya pili, kurudi nyuma kati ya vigingi, kisha cheti. Mvua kubwa ya usiku ilinikuta kwa mara ya kwanza nikiwa na mtoto kiti cha nyuma. Niliwasha taa kali, nikaona ukuta mweupe wa maji, nikaogopa, nikasimama palepale katikati ya njia. Basi lililotokea nyuma lilinikwepa kwa nafasi ambayo mpaka leo sipendi kuikadiria. Naomba tuelezane: nani alikufundisha, na ni jambo gani hakukufundisha?

Dereva wa Masafa
Mimi sikukaa darasani. Nilianza kama utingo, nikawa napewa usukani kwenye maegesho, baadaye kwenye barabara za vumbi, na sasa nina miaka 22 kazini bila kumgonga mtu. Mama, usitapanye fedha zako. Mpe kijana gari na mtu mzima wa kukaa pembeni yake.

Muuguzi wa Mifupa
Kaka, nakuheshimu, lakini wenzako waliojifunza kama wewe na wasifike miaka hiyo 22 hawawezi kuandika hapa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi zaidi wenye umri kati ya miaka 5 na 29, na wodini kwetu sihitaji kuambiwa. Wengi ninaowapokea ni vijana wa bodaboda. Kila ninapowauliza walijifunzia wapi, jibu ni lilelile: kwa rafiki, siku mbili, mtaani. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya kukata kona unatazama kioo na kisha unageuza shingo, na wapo walioletwa kwetu wakati kofia ngumu ilikuwa imetundikwa kwenye usukani.

Fundi Umeme
Ni kweli tupu.

Kijana wa Njombe
Nilikuwa nasoma kimya, lakini mada hii imenigusa mahali.

Nilikuwa na miaka 20, nina cheti halali na leseni halali, na nilikuwa nimefaulu mtihani mara ya kwanza. Baba mdogo alinikabidhi pikapu yenye magunia ya viazi ya lumbesa niyapeleke Morogoro, akanipa na utingo wake wa siku nyingi, mzee mmoja mtaratibu ambaye hakuwahi kuwa na leseni. Tulipita Iringa mjini alfajiri, na tulipofika kichwani mwa mlima Kitonga niliona barabara inateremka vizuri, nikaweka nyutro ili kuokoa mafuta, kama nilivyowasikia wakubwa wakijisifu. Mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, gia." Nilimjibu kwamba breki zipo.

Kona ya kwanza breki zilishika. Ya pili zilishika kwa shida, na ndani ya gari kukaanza kunuka kitu kinachoungua. Nilipokanyaga kwa mara nyingine, pedeli ilizama mpaka chini kama nimekanyaga uji. Mbele yangu kulikuwa na lori la mafuta linaloteremka polepole, upande mmoja bonde, upande mwingine mwamba. Nilijaribu kurudisha gia ikakataa, ikawa inasaga tu. Mzee hakupiga kelele. Aliniambia nikanyage klachi na kuiachia, nipige mafuta, nikanyage tena kisha nisukume gia ya tatu kwa nguvu, na mkono wake ukawa juu ya mkono wangu. Gia iliingia, injini ikalia, gari likashtuka na kupungua mwendo, naye akavuta handibreki kidogokidogo huku akinielekeza nilisogeze gari kwenye mfereji wa upande wa mlima. Tulikwaruza mwamba mpaka tukasimama. Magunia yalimwagika, mlango wa kushoto haukufaa tena, na mzee alivunjika kiwiko.

Shuleni nilifundishwa alama zote za barabarani. Neno moja kuhusu mteremko sikulisikia.

Binti wa Tabata
Nimesoma huku nimeshikilia kiti. Yule mzee anaendeleaje?

Dereva wa Masafa
Pole sana, mdogo wangu. Gia unayopandia mlima ndiyo unayoteremkia, na gari lenye mzigo haliwekwi nyutro kamwe. Lakini naomba wenzangu mkiri kwamba aliyemwokoa ni utingo, cheti hakikumsaidia.

Muuguzi wa Mifupa
Alichofanya yule mzee mle garini ni kufundisha, kaka. Kijana alilipishwa ada kwa somo hilo, akalipata akiwa tayari anaporomoka. Ukiniambia shule ile ilikuwa mbovu nitakubali, lakini usiniambie kwamba shule haina kazi.

Mkazi wa Nakuru
Ndugu zangu wa Tanzania, huku kwetu Kenya tulifundishwa juu ya ubao uliochorwa mji mdogo, ukisukuma kigari cha kuchezea na kumweleza mtahini unaingia njia gani. Ubao ule ulinisaidia kwenye mizunguko, ila hauna mteremko. Kipande cha Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kimemaliza watu wengi, na malori yaliyoteremka bila gia ni miongoni mwa sababu zinazojulikana.

Mgeni wa Jiji
Mimi cheti nililetewa nyumbani kabla sijagusa usukani.

Binti wa Tabata
Na sisi wengine tunapishana nawe barabarani kila siku? Unaliandika kama jambo la kawaida!

Mgeni wa Jiji
Sikuliandika kwa fahari, dada. Nilipanda ukingo wa barabara siku ya kwanza, mita chache kutoka kwa wanafunzi waliokuwa wakisubiri kuvuka. Nililiegesha gari, nikalipa ada upya na kusoma miezi miwili.

Mwalimu Mstaafu wa Udereva
Naandika kwa uchungu, kwa sababu nimefundisha kazi hii. Gari moja la mafunzo lilikuwa na wanafunzi 6 kwa zamu, kila mmoja akishika usukani robo saa, na ada ilipangwa hivyo ili wazazi waimudu. Nilichoweza kuongeza ni hiki: niliwateremsha kando ya barabara kuu na kuwataka wahesabu hatua 22 ndefu, kwa kuwa gari la kilomita 80 kwa saa linasafiri takribani mita 22 katika sekunde moja, kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 50, kikomo chetu kwenye makazi, ni mita 14. Baada ya hapo walipunguza mwendo bila kuambiwa. Na kijana aanze na gari la gia za mkono.

Baba Mapacha
Sikubaliani, mwalimu. Aanze na otomatiki, akili yake ibaki barabarani badala ya kwenye klachi.

Mtanzania wa Ontario
Huku Kanada binti yangu alipewa leseni kwa ngazi. Ngazi ya kwanza alitakiwa kuwa na dereva mwenye uzoefu wa miaka 4 pembeni yake, hakuruhusiwa barabara zile kuu za mwendo mkubwa wala kuendesha kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, na ilidumu miezi 12, au 8 kwa aliyesoma shule inayotambuliwa. Mwanzoni nilidhani ni usumbufu. Kisha nikaona kwamba darasa pekee humpa kijana kujiamini kabla hajawa na mazoea, na kujiamini huko kunahitaji kuzuiwa kwa muda.

Kijana wa Njombe
Dada wa Tabata, mzee yupo, ingawa mkono haunyooki vizuri. Kila mwaka nampelekea gunia la viazi.

Mama wa Kihonda
Asanteni nyote. Ada nitalipa, na baada ya cheti mwanangu ataendesha akiwa nami pembeni mwaka mzima, usiku na mvua vikiwemo. Mwenye kumfahamu mwalimu wa hapa Morogoro anayekubali kumpeleka mwanafunzi mpaka Kitonga na kurudi, naomba aniandikie.