Nina video yenye urefu wa saa sita ya semina ya keki, nimekwama nayo

MamaKeki: Wakuu habari zenu. Nauza vifaa vya kuokea Kariakoo. Mwezi uliopita niliandaa semina ya waokaji pale Sinza, mpiga video nikamlipa ya siku nzima. Kanikabidhi video yenye urefu wa saa sita. Nimeipandisha YouTube ilivyo, imetazamwa na watu 41, nusu yao ndugu zangu. Hela ya ukumbi bado inaniuma. Nifanyeje video hii iendelee kuniletea wateja hata mwakani?

FundiKamera: Dada, nani ana bando la saa sita? Achana na hotuba, tafuta maswali ya washiriki. Alichouliza mtu pale ndicho unachoulizwa dukani kila siku. Swali na jibu lake, kipande kimoja cha wima, chenye maandishi, maana kwenye daladala wengi wanatazama bila sauti.

MzeeWaPosta: Uza diski, nunua unga 😂

SautiSafi: DJ alikuwa anapiga nyimbo za watu? Mfumo wa YouTube unazitambua, na mwenye wimbo anaweza kuzuia video au kuchukua pesa ya matangazo. Kata hapo. Pia muulize mpiga video kama alirekodi sauti kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti za maiki. Ya kamera huwa na mwangwi wa ukumbi.

WakiliMtaa: Na sura za watu? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kuja semina siyo kukubali kutangaza duka lako. Omba ridhaa, ibaki kwa maandishi.

MamaKeki: Nimerudi. Saa ya tatu kuna mama kauliza mbona keki yake inadidimia katikati. Mwalimu akamwuliza, "Oveni unaifungua mara ngapi?" Mama kimya, halafu, "Si naichungulia tu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Sekunde 50 tu. Nimempigia, kakubali, kwa sharti nikate anapotafuna sambusa. Nimekitupia magrupu mawili ya WhatsApp, tayari watu wawili wameulizia kipimajoto cha oveni.

FundiKamera: Umeona! Sasa usivimwage vyote wiki hii. Vya keki za sherehe vitoe Ramadhani ikielekea ukingoni, watu wakianza kuoda za Idi, vingine Desemba. Ile ndefu usiifute, igawe kwa dakika kwenye maelezo ya video YouTube, kila mada na muda inapoanzia: muda wa kwanza uandike 0:00, mada zisipungue tatu, mtu aruke hadi anapopataka.

MamaKeki: Na zile dakika 40 za mgeni rasmi?

FundiKamera: Mtumie mwenyewe.