Miwani ipi itanifaa kwa shabaha na kazi ya ofisini?

Kibo_Kaskazini: Wakuu, heshima kwenu. Nataka miwani wiki hii hii. Duka la kwanza wananisukumia progresivu (kioo kimoja chenye namba za mbali, kati na karibu), la pili wanasema lenzi za kuvaa jichoni. Wikiendi nalenga shabaha, siku nyingine kazini. Nichukue ipi?

Mlenga Jongoo: Mkuu, yote ya maana umeyaficha. Umri? Namba za macho? Kazi gani? Bastola au bunduki? Unalenga kwa vyuma vyake vya kulengea, cha nyuma na ncha ya mbele, au una kioo chenye nukta nyekundu?

Kibo_Kaskazini: Miaka 47, bastola, vyuma tu, mita 10 na 25. Mbali sina shida. Ncha ya mbele ya kulengea ndiyo imeanza kuwa na ukungu. Mhasibu, kompyuta kutwa.

mama_spea: Karibu kwenye chama cha waliovuka arobaini. Kachukue ya kusomea Kariakoo, biashara imeisha.

Mlenga Jongoo: Dada, ya kusomea ni ya kitabu, sentimita 40 hivi. Ukinyoosha mkono, ncha iko kwenye 70, karibu sawa na skrini yake. Akivaa hiyo, ncha inaweza isikae sawa, na shabaha itafifia sana.

Bwana Rula: Progresivu usiiguse! Mimi nilitoa pesa ndefu. Ofisini safi kabisa: juu naona mlango, katikati skrini, chini makaratasi. Uwanjani sasa. Kichwa kikisimama wima natazamia sehemu ya juu, ambayo ni ya mbali, ncha siioni. Kuipata lazima niinue kidevu kama kuku anayemeza maji. Kidevu kikipanda, bega nalo linapanda, risasi zinatawanyika ovyo. Mwalimu akasema nanyakua triga. Nikahangaika na kidole weee, kumbe ugonjwa uko shingoni. Kurudi dukani naambiwa "utazoea". Pesa sikurudishiwa.

Shangazi Optiki: Hilo halimhukumu kila mtu, ila kwa bastola ni kweli. Kibo, omba lenzi yenye namba moja kioo kizima, yako ya mbali ukiongeza +0.75 hivi, kwa jicho unalolengea. Ncha itakaa wazi, shabaha itafifia kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Nenda na fimbo yenye urefu wa mkono wako na bastola, wakupime hapo. Bastola yenyewe acha nyumbani, utatimua wateja 😂

Mlenga Jongoo: Na kwenye kompyuta?

Shangazi Optiki: Itasaidia kiasi. Kutwa nzima atataka yenye nguvu zaidi. Miwani miwili, kaka.

Tchui255: Miwili ya nini? Lenzi za jichoni: kulia ya karibu, kushoto ya mbali, ubongo unajipanga wenyewe.

Bwana Rula: Na maganda ya risasi yakikurukia usoni? Miwani ya kinga utavaa tu.

Tchui255: Basi afunge nukta nyekundu, atazame shabaha peke yake.

Shangazi Optiki: Mwenye astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) nukta hiyo anaiona imechanuka. Na kama anafuata kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, bastola ni vyuma tu.

mama_spea: Si afumbe jicho moja?

Mlenga Jongoo: Ukikaza kufumba, na la pili linachoka. Bandika karatasi nyeupe hafifu kwenye kioo cha upande huo.

Kibo_Kaskazini: Sasa hiyo miwani miwili inagharimu kama kiasi gani?

Tchui255: Wadau, mikono minene ya miwani inainua vifuniko vya masikio, mlio unapenya. Mnafanyaje?

Bwana Rula: Sponji ndani ya sikio, vifuniko juu yake.

mama_spea: Sponji zinaniwasha mimi. Kuna aina nyingine?